Henry Deringer: Fundi wa Bunduki za Jeshi Aliyekumbukwa kwa Bastola ya Kiganjani

Jina la derringer linajulikana kwa askari wa nchi nyingi kuwa ni jina la bastola ndogo inayofichika kiganjani. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba jina hilo kwanza lilikuwa la mtu, na kwamba mtu huyo alitumia miaka mingi ya maisha yake kuunda bunduki ndefu za jeshi. Twaona inafaa kuyaeleza maisha yake kwa askari wenzetu wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa ndani yake limo funzo kubwa juu ya silaha na juu ya lindo.

Henry Deringer alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1786 katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Baba yake, ambaye naye aliitwa Henry, alikuwa mhamiaji kutoka nchi za Wajerumani na fundi wa bunduki zenye mifuo mtutuni, zile zilizosifika kwa kupiga shabaha ya mbali. Kijana huyo aliipokea kazi ya baba yake, akapelekwa Richmond, Virginia, kujifunza zaidi, na mwaka 1806 akahamia Philadelphia. Huko ndiko alikofungua karakana yake na ndiko alikoishi hadi kufa.

Mteja wake mkubwa katika miaka ya mwanzo alikuwa serikali. Jeshi la Marekani lilipoamua kununua bunduki ya mifuo ya mtindo wa mwaka 1817, Deringer alikuwa miongoni mwa mafundi wanne waliopewa mikataba, pamoja na Simeon North, Nathan Starr na Robert Johnson. Kazi ya namna hiyo si rahisi. Kila silaha ilikaguliwa na wakaguzi wa serikali kabla ya kupokewa, na ile yenye kasoro ilirudishwa. Hali kadhalika, katika miaka ya 1830 serikali ilinunua bunduki kutoka kwake ili kuwagawia wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wakiondolewa katika ardhi zao na kuhamishiwa magharibi ya mto Mississippi. Hivyo kazi ya mikono yake ilifika mbali, katika mikono ya walioshinda na ya walioonewa.

Pamoja na bunduki hizo, Deringer alianza kuunda bastola ndogo za mfukoni, nazo ndizo zilizompatia utajiri. Bastola hiyo ilikuwa na mtutu mmoja na risasi moja tu. Baruti na risasi vilishindiliwa kwa mbele, kisha fataki ikawekwa nyuma chini ya nyundo. Aghalabu tundu la mtutu lilikuwa na upana wa milimita 10 hivi, yaani risasi nzito kwa silaha ndogo kiasi hicho. Kwa kuwa ilitoa risasi moja tu, wanunuzi wengi walizinunua mbili mbili. Walizinunua wafanyabiashara, wasafiri na wachezaji wa kamari, na hasa watu waliokwenda California kutafuta dhahabu baada ya mwaka 1848, mahali ambapo sheria ilikuwa bado changa.

Deringer hakuwahi kuiandikisha bastola yake ili iwe na hakimiliki ya uvumbuzi. Alitegemea jina lake, alilolipiga muhuri juu ya chuma cha kila silaha pamoja na jina la mji wa Philadelphia. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kumwiga. Baadhi ya mafundi wake waliondoka, wakaunda bastola za kufanana na zake na kuzipiga muhuri wa jina lilelile. Deringer alimshitaki Adolphus Plate, mfanyabiashara wa San Francisco aliyeziuza bastola hizo za bandia, na mwaka 1865 Mahakama Kuu ya juu ya California ikatamka kwamba alama ya fundi juu ya kazi yake ni mali yake, hata kama hakuna sheria ya bunge iliyomkabidhi. Hukumu hiyo ingali inatajwa na wanasheria.

Lakini mwaka huohuo wa 1865 ulileta jambo ambalo hakuna mahakama iliyoweza kulifuta. Usiku wa tarehe 14 Aprili, siku tano tu baada ya Jenerali Lee kusalimu amri huko Appomattox, Rais Abraham Lincoln alikwenda kutazama mchezo katika jumba la Ford mjini Washington. Yapata saa 4 na robo usiku, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia katika chumba cha Rais juu ya jukwaa, akampiga risasi kisogoni. Silaha aliyoitumia ilikuwa bastola ya Deringer, yenye urefu wa chini ya sentimita 15 na uzito wa robo kilo hivi. Kwa kuwa risasi yake ilikuwa moja tu, aliitupa bastola sakafuni, akachomoa kisu na kumjeruhi vibaya mkononi Meja Henry Rathbone aliyejaribu kumkamata. Rais alifariki asubuhi iliyofuata, saa 1 na dakika 22.

Hapa yatupasa sisi tulio kazini tusimame kidogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 1864 Polisi wa Washington walikuwa wametoa askari wanne wa kumlinda Rais. Usiku ule zamu ilikuwa ya konstebo John Parker. Booth alipofika mlangoni, Parker hakuwa kwenye lindo lake. Askari huyo alikuwa na historia ya makosa ya utovu wa nidhamu, na bado alipewa zamu hiyo. Alishitakiwa kwa kutojali kazi, lakini shauri likafutwa, naye akaendelea kuvaa sare hadi mwaka 1868, alipofukuzwa kwa kosa la kulala kazini. Majeshi yaliyopigana miaka minne yalikuwa yameshinda vita, lakini mlango mmoja haukuwa na mtu. Bastola ya risasi moja isingeweza kupita mbele ya mlinzi aliye macho na anayeuliza kila apitaye shughuli yake.

Magazeti ya siku zile yaliitangaza silaha hiyo kote, na mengi yaliandika jina lake kwa makosa, yakiongeza herufi ya pili ya r. Hivyo jina la fundi likageuka kuwa jina la kila bastola ndogo ya namna hiyo, awe ameiunda nani. Deringer mwenyewe alifariki Philadelphia mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80. Bastola iliyomwua Lincoln imehifadhiwa katika makumbusho ya jumba lilelile la Ford. Palipovuma kwamba ile ya asili iliibwa na kuwekwa ya bandia, wataalamu wa maabara ya FBI waliichunguza mwaka 1997, wakalinganisha alama za mti na chuma chake na picha za zamani, wakathibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

Baada ya kifo chake, aina hiyo ya silaha haikukoma. Kiwanda cha Remington kiliunda bastola yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, tangu mwaka 1866 hadi 1935. Hata leo viwanda kama Bond Arms cha Texas huziunda kwa mpango huohuo. Mitutu hufunguka kwa bawaba ili risasi zitiwe nyuma, na nyundo hurudishwa kwa kidole gumba kabla ya kila mpigo. Baadhi yake hupokea hata risasi za marisawa za bunduki ndogo za kuwindia. Nchini Marekani, muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumwuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na yampasa kwanza kuhakikisha kuwa mnunuzi hakatazwi na sheria.

Mwenye kuipiga silaha hiyo hugundua upesi kwamba udogo wake si wepesi. Mpini ni mfupi, hivyo teke lake huupiga mkono kwa nguvu. Kifyatulio ni kizito, na asiyezoea huuvuta mtutu kando. Shabaha yake ni ya meta chache tu. Zaidi ya hayo, katika miundo ya zamani nyundo iliyolazwa juu ya pini yaweza kufyatua risasi silaha ikianguka. Ndiyo sababu miundo bora ya sasa huwa na nyundo inayorudi nyuma yenyewe, na kitasa cha usalama. Kwa hiyo anayeimiliki hana budi kuifanyia mazoezi, kuikagua, na kuifungia mbali na watoto, sawasawa na bunduki kubwa.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Askari anayempekua mtu na kuridhika kwa kutoona silaha ndefu hajampekua. Kiganja, buti, mkanda na mfuko wa ndani vyote ni mahali pa kutazamwa, kwa heshima lakini bila haraka. Henry Deringer aliunda maelfu ya bunduki zilizopita mikononi mwa wakaguzi wa serikali, lakini dunia humkumbuka kwa bastola moja iliyopita mlango usio na mkaguzi. Kila askari anaposhika zamu, na alikumbuke lindo lile lililoachwa wazi, asitoke penye lake hadi mwenzake atakapofika kulipokea.