Abelard: Nyimbo za mahaba zilipotea, za ibada zikabaki

Peter Abelard alizaliwa mwaka 1079 huko Le Pallet, karibu na Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Babake alikuwa askari wa farasi, naye ndiye kifungua mimba. Lakini aliuacha urithi wake akafuata elimu, hadi akawa mwalimu aliyevuma mjini Paris.

Huko alikutana na Heloise, binti msomi aliyelelewa na mjomba wake, kasisi Fulbert. Abelard alikaribishwa nyumbani humo amsomeshe, na masomo yakageuka mahaba. Mwalimu wa mantiki akawa mtunzi. Alimtungia Heloise mashairi, akayatia mahadhi, na watu wakayaimba hata jina la binti likawa midomoni mwa kila mtu. Siri gani tena hapo?

Heloise alijifungua mtoto wa kiume, Astrolabe. Wakaoana kwa siri, ingawa Heloise mwenyewe aliipinga ndoa hiyo, akihofia itamharibia Abelard elimu na jina. Abelard alipompeleka kwa watawa wa Argenteuil, Fulbert alidhani mpwawe ametupwa. Akatuma watu usiku, wakamhasi Abelard. Basi mume akaingia utawa Saint-Denis, na mke naye akala kiapo cha utawa kwa amri ya mumewe.

Misukosuko haikuisha. Mwaka 1121, mkutano wa kanisa huko Soissons ulimlazimisha Abelard kukitia motoni kitabu chake kwa mkono wake mwenyewe.

Baadaye Heloise aliongoza nyumba ya watawa ya Paraclete, aliyoianzisha Abelard. Katika barua zake alikiri wazi kwamba hata katika sala moyo wake ulirudi kwa mumewe. Kisha akamwomba nyimbo za ibada za watawa wake. Abelard akatunga zaidi ya 100, pamoja na maombolezo sita kwa sauti za watu wa Biblia. Ombolezo la Daudi kwa Sauli na Yonathani lingali na mahadhi yake, na huimbwa mpaka leo.

Abelard alifariki mwaka 1142. Tangu 1817 wawili hao wana kaburi moja Père Lachaise, Paris. Zile nyimbo za mahaba zilizoimbwa na watu wengi hazijulikani zilipo. Zilizobaki ni zile alizotunga mume aliyenyang'anywa mkewe, kwa ombi la mke huyo huyo. Anayezisikiliza leo na aamue mwenyewe kama mahaba yalikwisha.