Alfonsina Strada na Sisi Wenye Vidole Vifupi

Wanachuo wenzangu, kurasa hizi za wasifu tumezoea kusoma habari za marais, wapigania uhuru na wanasayansi. Leo nawaletea mwendesha baiskeli, mama wa Kiitaliano aliyefariki mwaka 1959, anaitwa Alfonsina Strada. Sababu yangu ni ya kawaida tu. Naishi Msimbazi, nasomea ualimu, nakwenda chuo Chang'ombe kwa baiskeli ya resi, na vidole vyangu ni vifupi. Nimemsoma huyu mama nikaona kuna jambo lake linatuhusu.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1891 karibu na mji wa Modena, kaskazini mwa Italia, akiitwa Alfonsina Morini. Kwao walikuwa vibarua wa mashambani, watoto wengi, chakula cha kubahatisha. Alipokuwa na miaka kama 10 hivi, baba yake alileta nyumbani baiskeli kuukuu, inasemekana aliibadilisha kwa kuku. Baba alitaka chombo cha kumpeleka kazini. Binti akaona kitu kingine kabisa. Akajifunza, akaanza kushindana, na Jumapili akawa anaaga kwamba anakwenda misa, kumbe yuko kwenye mashindano ya vijiji vya jirani. Wanakijiji walimbandika jina la shetani aliyevaa sketi. Wazazi nao walidhani akiolewa atatulia.

Mwaka 1915 akaolewa na Luigi Strada, naye ndiye aliyewaangusha wote waliosubiri binti atulie: zawadi ya harusi aliyompa mkewe ilikuwa baiskeli mpya ya mashindano. Wenzetu huku wanapewa vitenge na seti ya masufuria!

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wengi walikuwa jeshini na mashindano ya Lombardia yalikuwa na upungufu wa watu. Alfonsina akaomba kuingia. Waandaaji wakapekua kanuni, hawakuona mahali palipokataza mwanamke. Alimaliza nyuma kabisa, ila alimaliza, na siku hiyo wanaume kibao walikuwa wameshaacha njiani. Mwaka uliofuata akarudi tena, akawa wa 21.

Halafu ukaja mwaka 1924. Giro d'Italia, mashindano makubwa ya kuizunguka Italia, yalikosa nyota kwa sababu nyota wenyewe walikuwa wanagombea malipo. Waandaaji, ambao ni gazeti la michezo la Gazzetta dello Sport, walihitaji kitu cha kuuza habari. Wakamkubali Alfonsina, lakini jina lake likaandikwa bila herufi ya mwisho, Alfonsin, mtu asome adhani ni mwanamume. Alivaa namba 72. Walioanza walikuwa 90. Safari ilikuwa hatua 12, jumla kilomita 3,613, yaani karibu mara tatu ya njia ya Dar hadi Mwanza, barabara nyingi zikiwa za vumbi na matope. Baiskeli zenyewe hazikuwa na gia za kubadilisha ukiwa unaendesha. Ukifika mlimani unashuka, unafungua tairi la nyuma, unaligeuza upande wenye gia nyepesi, unaendelea.

Hatua ya 8, kutoka L'Aquila kwenda Perugia, ilikuwa ya karibu kilomita 300. Siku hiyo mvua na upepo havikumwacha mtu. Alfonsina akaanguka, na usukani wa baiskeli yake ukavunjika. Hapo wengi tungekaa pembeni tulie. Yeye alipata kipande cha mti wa ufagio kwa watu wa kijijini, akakifunga mahali pa sehemu iliyovunjika, akapanda. Alifika Perugia akiwa amechelewa kupita muda uliowekwa, akaondolewa kwenye mashindano. Waandaaji wakamruhusu aendelee bila kuhesabiwa, maana watu walikuwa wanajaa barabarani kumsubiri yeye. Akaendelea mpaka Milan. Kati ya wale 90, waliomaliza rasmi ni 30. Mshindi alikuwa Giuseppe Enrici, na nina wasiwasi kama kuna hata mmoja wetu anayemjua.

Hapo kwenye usukani ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwendesha baiskeli anaweza kuwa na mapafu na miguu ya ajabu, lakini bila mikono kushika sawasawa hana baiskeli. Mikono ndiyo inayoelekeza, na mikono ndiyo inayosimamisha.

Baiskeli za resi tunazouziwa Kariakoo ni mitumba, na nyingi zimetengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu wa nchi za watu. Usukani wake umekunjwa kama pembe za kondoo dume na mikono ya breki inaning'inia mbele, mbali. Mtu wa vidole virefu anaizungushia vidole, anabana. Mimi nilikuwa naigusa kwa ncha tu. Ncha za vidole hazina nguvu, na nikipanda juu karibu na egemeo, mahali ninapofika, inabidi nibane mara mbili zaidi ndipo tairi lisikie. Siku moja, Mtaa wa Msimbazi, guta lililojaa viroba likakata mbele yangu. Nilibana kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikaendelea kwenda. Nilisimama kwa soli ya kiatu.

Ushauri niliopewa na watu ulikuwa mmoja: dada, hiyo ni ya kiume, tafuta ya kike yenye kikapu. Fundi mmoja mzee, anayekaa chini ya kibaraza pale mtaani, hakusema hivyo. Aliniambia nishike breki kama kawaida, akaangalia mkono wangu, kisha akafanya mambo matatu. Kwanza alitafuta kama mkono wa breki una skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Baiskeli nyingi mpya wanayo, yangu haikuwa nayo. Kwa hiyo akakata kipande cha raba ngumu, akakipachika juu, kati ya mkono wa breki na kichwa chake, ili uanzie karibu. Pili, akakaza upya waya, kwa sababu mkono ukisogezwa ndani nafasi ya kuvuta inapungua, na usipokaza utagonga usukani kabla raba za breki hazijashika rimu. Tatu, akatoa waya wa zamani uliokuwa na kutu ndani ya mpira wake, akaweka mpya na mafuta kidogo. Hiyo ya tatu peke yake ilifanya breki iwe laini kuliko nilivyotegemea. Akanifundisha pia kwamba kwenye mteremko nishike chini kwenye pembe, ambako vidole vinafika mwisho wa mkono wa breki na nguvu ni kubwa zaidi. Kabla ya kuniachia alinitaka nijaribu kwa kutembea nayo, breki ya mbele, halafu ya nyuma.

Kumbe kiume na kike havikuhusika hata kidogo. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Alfonsina naye hakupata fundi wa namna hiyo kwa upande wa kanuni. Baada ya 1924 Giro haikumpokea tena. Hakuacha baiskeli. Aliendelea kushindana na kufanya maonyesho nje ya Italia, na mwaka 1938, akiwa na miaka 47, aliendesha zaidi ya kilomita 32 ndani ya saa moja huko Ufaransa. Luigi alimtangulia kufariki baada ya kuugua muda mrefu. Akaolewa tena na mwendesha baiskeli wa zamani, Carlo Messori, wakafungua duka na karakana ya baiskeli mjini Milan. Messori alifariki mwaka 1957, naye akabaki kuendesha duka. Tarehe 13 Septemba 1959 alikwenda kuangalia mashindano, akarudi kwa pikipiki yake kubwa ya Moto Guzzi. Pikipiki ilimwelemea alipokuwa anahangaika nayo, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 68. Giro ya wanawake ilianza mwaka 1988, miaka 29 baada ya kifo chake.

Sisi wa ualimu tutakutana na watoto wa namna hii darasani: dawati refu, ubao wa juu, mkasi wa mkono wa kulia kwa mtoto wa kushoto. Kabla hujamwambia mtoto kwamba hiki si chake, angalia kwanza kama kuna skrubu ya kusogeza. Na wewe unayeendesha kwa ncha za vidole, usisubiri guta. Bumu likitoka, anzia kwa fundi.