Sir Tharia Topan na hospitali ambayo hakuiona ikifunguliwa

Msafiri anayeingia Unguja kwa njia ya bahari hupokewa na jengo refu la ghorofa katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Ni jengo la Zahanati ya Zamani. Aliyeweka jiwe lake la msingi, Sir Tharia Topan, hakuishi kumwona mgonjwa hata mmoja akitibiwa humo. Yaliyolipata jengo hilo baada ya kifo chake ni funzo kwa kila jamaa inayotaka sadaka yake ivuke kizazi kimoja.

Tharia alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Makhoja Waismailia. Akiwa bado kijana mdogo alivuka bahari hadi Unguja, akaingia katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha za Sultani. Kutoka utumishi mdogo alipanda hadi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kisiwa hicho. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na Wamarekani na Wazungu, na alikopesha fedha misafara iliyokwenda bara, ukiwemo wa Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Misafara hiyo ilisimama juu ya migongo ya wapagazi na watumwa, na utajiri wa Tharia haukutengana na jasho lao.

Mwaka 1876 Sultani Barghash alimkodisha Tharia forodha. Kwa utaratibu huo, mkodi alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, na ushuru uliozidi ukawa faida yake. Mamlaka ya Sultani wakati huo yalifika kusini hadi ghuba ya Tungi, katika wilaya ya Palma ya leo, mkoa wa Cabo Delgado. Malkia Victoria wa Uingereza naye alimtunukia Tharia cheo cha Sir.

Mwaka 1887 ulikuwa mzito kwa pwani yote. Mwezi wa Februari Wareno waliitwaa Tungi kwa nguvu za silaha. Mwaka huohuo, mjini Unguja, Sir Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Miaka minne baadaye, 1891, alifariki dunia na kazi ingali inaendelea.

Mjane wake, Lady Janbai, aliendeleza ujenzi, nao ukakamilika mwaka 1894. Lakini kuta si hospitali. Daktari hulipwa kila mwezi na dawa hununuliwa kila siku, na aliyeyabeba hayo yote moyoni mwake alikuwa kaburini. Ulipofika mwaka 1900, jengo lililokusudiwa maskini liliuzwa kama mali nyingine yoyote ya marehemu.

Watu wa pwani wanaijua njia ya kuepuka mwisho kama huo, nayo ni wakfu. Mwenye shamba la minazi au nyumba ya kupangisha huitoa mali hiyo katika milki yake angali hai. Tangu siku hiyo asili ya mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi; kinachotumika ni mazao au kodi yake tu. Mtoaji hutaja pia msimamizi, na nani atashika nafasi yake akifa. Wengine huweka wakfu kwa ajili ya wazao wao, na wengine kwa msikiti, kisima au mafukara. Hata hivyo, msimamizi asiyeulizwa hesabu anaweza kuila mali hiyo, na Unguja ilikuwa na Kamisheni ya Wakfu tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Jengo la Sir Tharia halikupotea. Lilinunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nur Mohamed, Mhindi mwingine wa Unguja. Ghorofa ya chini ikawa zahanati ya hisani, na zile za juu zikawa makazi. Huduma hiyo iliendelea hadi Mapinduzi ya 1964, ambapo wenye jengo waliondoka na serikali ikalichukua. Lilichakaa kwa miaka mingi, hadi taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilipolikarabati katika miaka ya 1990.

Hivyo maskini wa Unguja walitibiwa ndani ya kuta za Tharia Topan, ila kwa mpango wa mtu mwingine. Jamaa inayokusudia kutoa, iwe na meli za biashara au minazi kumi tu, haina budi kukubaliana mapema: mali ipi haitaguswa, pato lipi litaendesha kazi, nani atasimamia, na nani atamuuliza hesabu. Sir Tharia alikuwa na mali ya kutosha kuyapanga hayo yote. Alichokosa ni muda.