Alma Thomas: Makumbusho yalimfungulia mlango akiwa na miaka 80

Mchoraji Alma Thomas alizaliwa mwaka 1891 mjini Columbus, jimbo la Georgia, Marekani. Enzi hizo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia maktaba ya mji huo, labda awe amekwenda kupiga deki. Mwaka 1907 familia yake ilihamia Washington.

Mwaka 1924 alikuwa mhitimu wa kwanza wa idara ya sanaa, Chuo Kikuu cha Howard. Alifundisha shule miaka 35, akastaafu 1960. Wenzake wakistaafu hupumzika, bibi huyu ndiyo kwanza akashika brashi kwelikweli.

Mwaka 1972 Makumbusho ya Whitney, New York, yalimwandalia maonyesho ya peke yake, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kupewa nafasi hiyo pale. Tusidanganyane, haikuwa hisani. Tangu 1968 wasanii weusi, na baadaye wanawake, walikuwa wakiandamana kuyapinga makumbusho hayo kwa kuwabagua.

Alifariki 1978. Mwaka 2015 mchoro wake wa 1966, Resurrection, wenye duara za rangi kali, ulitundikwa Ikulu ya Marekani, katika chumba cha kulia chakula.