Harry Ferguson: Fundi wa gereji aliyeifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja

MKULIMA yeyote aliyewahi kufunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu ya chuma, kisha akaiinua kwa kusogeza kishikio kidogo kando ya kiti, ametumia kazi ya Harry Ferguson, ajue asijue. Jina lake limo kwenye boneti za matrekta ya Massey Ferguson ambayo yamelima mashamba ya ngano na mahindi nchini Kenya kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa mwenye jina hilo alikuwa fundi wa gereji aliyeitoroka kazi ya shamba akiwa kijana.

Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884, katika kitongoji cha Growell karibu na mji wa Dromore, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mmoja wa watoto 11 wa mkulima aliyeshika dini kwa dhati. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili amsaidie babake, lakini kwa kijana wa umbo dogo, kutembea nyuma ya farasi na plau kutwa nzima kulikuwa adhabu. Mnamo 1902 alijiunga na kakake, Joe, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli na magari jijini Belfast.

Hapo ndipo kipaji chake kilipojitokeza. Alikuwa na sikio la kutambua injini iliyochoka, na hakuvumilia kazi ya ovyo. Alishiriki mashindano ya pikipiki, kisha akavutiwa na ndege zilizokuwa zimeanza kuruka. Alijiundia yake mwenyewe, na mnamo Desemba 31, 1909, akairusha umbali wa mita 120 hivi huko Hillsborough. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo nchini Ireland kabla yake. Miaka miwili baadaye aliachana na kakake na kufungua gereji yake.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimrejesha shambani. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizoleta chakula, na mnamo 1917 bodi ya serikali iliyosimamia kilimo nchini Ireland ilimwomba aboreshe matumizi ya matrekta. Alifunga safari ya kuzunguka mashambani akiandamana na fundi wake stadi, Willie Sands, mtu ambaye mikono yake ilifanya mengi kati ya yale ambayo Ferguson aliyawaza.

Waliyoyaona yaliwasikitisha. Plau za wakati huo zilivutwa kwa mnyororo au kipande cha chuma, kama vile zilivyovutwa na farasi. Matrekta yalifanywa mazito ili magurudumu yasiteleze, na uzito huo ukagandamiza udongo. Kibaya zaidi, plau ilipokwama kwenye jiwe, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma huku ya mbele yakiinuka, na trekta likapinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva. Wakulima wengi walipoteza maisha kwa njia hiyo.

Ferguson aliamua kuwa kasoro haikuwa katika trekta wala katika plau, bali katika kiungo kati ya viwili hivyo. Kuanzia hapo, kwa takriban miaka 20, yeye na mafundi wake walikishughulikia kiungo hicho.

Jawabu walilolipata lilikuwa la mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, pamoja na nguvu za haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa na pampu. Plau inapokutana na udongo mgumu, mkono wa juu husukumwa kuelekea mbele. Msukumo huo huzuia magurudumu ya mbele kuinuka, na wakati huo huo hufungua vali inayoinua plau kidogo. Uzito wa plau na wa udongo huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi vyema. Kwa sababu hiyo, trekta dogo liliweza kufanya kazi ya trekta kubwa, na dereva akarudi nyumbani salama.

Trekta lake la kwanza la majaribio, lililopakwa rangi nyeusi, lilikamilika mnamo 1933. Mnamo 1936 alishirikiana na mwenye viwanda wa Uingereza, David Brown, kuyatengeneza kwa ajili ya soko. Ushirikiano huo haukudumu. Brown alitaka trekta lenye nguvu zaidi, naye Ferguson hakukubali mashine yake iguswe.

Mnamo Oktoba 1938 alivuka bahari hadi Dearborn, Marekani, na kulionyesha trekta hilo kwa Henry Ford, ambaye naye alikuwa mwana wa mkulima aliyetoka Ireland. Ford aliridhika papo hapo. Wazee hao wawili walikubaliana kuwa Ford angeunda matrekta kwa mfumo wa Ferguson, naye Ferguson angeyauza. Walipeana mikono. Hapakuwa na mkataba wa maandishi wala wakili.

Matrekta hayo yalianza kuuzwa mnamo 1939, na zaidi ya 300,000 yaliundwa. Lakini ahadi ya mkono haina mrithi. Ford alipozeeka, mjukuu wake Henry Ford II alishika usukani wa kampuni mnamo 1945, akapiga hesabu na kuona kuwa mpango huo ulikuwa ukiitia hasara. Aliuvunja, akaanzisha kampuni yake ya kuyauza, na mnamo 1947 akatoa trekta jipya lililobeba mfumo ule ule wa Ferguson.

Ferguson alikwenda mahakamani akidai zaidi ya dola 250 milioni. Kesi hiyo ilivuta miaka minne na kumchosha. Mnamo Aprili 1952 alikubali kulipwa dola 9.25 milioni kwa matumizi ya uvumbuzi wake. Alihesabu kuwa ameshinda, ingawa fidia hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya alichodai.

Wakati huo alikuwa tayari ameanza upya. Kuanzia 1946, kiwanda cha Standard jijini Coventry, Uingereza, kilimuundia trekta dogo la rangi ya kijivu lililoitwa TE20. Zaidi ya 517,000 yaliundwa kufikia 1956. Mnamo Januari 4, 1958, Edmund Hillary aliwasili katika Ncha ya Kusini ya dunia akiwa na matrekta hayo, yakawa magari ya kwanza kufika huko kwa kupita juu ya barafu.

Ni katika TE20 ambapo akili ya fundi wa gereji inaonekana wazi. Injini huwashwa kwa kusukuma mkono wa gia hadi mahali pake maalumu, hivyo haiwezekani kuliwasha likiwa ndani ya gia na kuruka mbele ghafla. Ferguson aliliambatanisha na spana moja iliyotosha kwa kazi nyingi za kufunga na kurekebisha plau, na ambayo ilichorwa alama za inchi ili mkulima aitumie kama rula. Silinda zake zina mikebe inayochomolewa, kwa hivyo injini iliyolika haihitaji kutupwa.

Ndiyo maana hadi leo wapo watu, hasa Uingereza na Ireland, wanaoyatoa matrekta hayo kwenye mabanda yalikolala kwa miongo na kuyafufua. Kazi hiyo haitaki pupa. Pistoni zilizoshikwa na kutu hulowekwa mafuta kwa siku kadhaa kabla ya kujaribu kuizungusha injini, kwani anayelazimisha huvunja. Mafuta ya gia, ambayo pia ndiyo yanayoendesha haidroliki, hukaguliwa: yakiwa na weupe kama maziwa, maji yameingia. Kisha vali na mpira wa pampu husafishwa, plau hufungwa na kuinuliwa. Ikikaa juu bila kushuka, fundi hupumua. Rangi ya kijivu huja mwisho.

Mnamo 1953 Ferguson aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada. Pande hizo zilipotofautiana kuhusu dola milioni moja, alipendekeza sarafu irushwe. Ilirushwa, akashindwa, na akakubali bila kinyongo. Hakumudu vilevile kuelewana na wakuu wenzake, na mwaka uliofuata alijiuzulu. Kampuni hiyo ilichukua jina la Massey Ferguson mnamo 1958, mwenye jina akiwa hayumo tena.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kufanyia utafiti magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, huku akisumbuliwa na maradhi ya kukosa usingizi na huzuni. Alifariki nyumbani kwake katika eneo la Gloucestershire mnamo Oktoba 25, 1960, akiwa na umri wa miaka 75. Dawa ndizo zilizomuua, na uchunguzi rasmi haukuamua iwapo ilikuwa ajali.

Mtu huyu alikosana na kakake, na Brown, na warithi wa Ford, na washirika wake wa Kanada. Kiungo alichokiunda kati ya trekta na plau hakikuvunjika. Hataza zake zilipokwisha muda, watengenezaji wengine walikichukua, na leo mikono ile mitatu imo nyuma ya matrekta ya takriban kila kampuni. Mkulima anayelima mteremko wenye mawe bila kuhofia trekta kumwangukia ana deni kwa kijana aliyechoka kufuata farasi huko Growell.