Alice Salomon

Alice Salomon (Berlin, 19 Aprili 1872 – New York, 30 Agosti 1948) alikuwa mwalimu na mtafiti kutoka Ujerumani, mmoja wa waanzilishi wa ustawi wa jamii kama taaluma ya kisayansi.

Maisha na elimu

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Alitamani kuwa mwalimu, lakini masomo yake yalikatishwa mapema kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana wa tabaka lake. Mwaka 1893 alijiunga na kikundi cha wanawake wa Berlin waliojitolea kuwahudumia maskini. Kazi hiyo ilimfanya aamini kwamba huruma bila elimu haitoshi.

Kuanzia mwaka 1902 alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Berlin kama msikilizaji tu: hakuwa na cheti cha sekondari, na Prussia haikuwaruhusu wanawake kuandikishwa kikamilifu hadi 1908. Maandishi aliyokwisha kuchapisha ndiyo yaliyomfungulia mlango. Mwaka 1906 alipata shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu sababu za wanawake na wanaume kutolipwa sawa.

Kazi

Mwaka 1908 alianzisha mjini Berlin shule ya wanawake ya ustawi wa jamii, iliyounganisha masomo ya darasani na mafunzo ya vitendo. Mwaka 1925 alishiriki kuanzisha akademia ya wanawake, iliyotoa masomo ya juu kwa waliokwisha kuwa kazini na kufanya utafiti juu ya maisha ya familia. Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu namna ya kuchunguza hali ya mhitaji kabla ya kumsaidia. Mwaka 1929 akawa rais wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za ustawi wa jamii.

Uhamisho na kifo

Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Berlin kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, aliifunga akademia ili asilazimike kuwafukuza Wayahudi. Ingawa alikuwa Mkristo tangu 1914, kwao alibaki Myahudi. Mwaka 1937 Gestapo ilimlazimisha kuhama nchi, akaenda Marekani. Mwaka 1939 alinyang'anywa uraia wa Ujerumani pamoja na shahada zake mbili za udaktari. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1944.

Shule aliyoianzisha sasa ni chuo cha elimu ya juu mjini Berlin, nacho kinaitwa kwa jina lake.