Maisha ya Alexander von Humboldt, Mpimaji wa Misitu ya Milimani

Wanafunzi wengi wamelisikia jina la Humboldt katika somo la Jiografia, maana mkondo baridi wa bahari upitao pwani ya Peru huitwa kwa jina lake. Mimi napenda kueleza kazi yake nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi.

Alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769. Tangu utoto alipenda kukusanya majani, wadudu na mawe, lakini mama yake alitaka awe mtumishi wa serikali. Akatii, akawa mkaguzi wa migodi. Mama alipofariki katika mwaka wa 1796 alimwachia mali nyingi. Mwingine angalijenga majumba. Yeye alinunua vyombo vya kupimia, na mwaka 1799 akasafiri kwenda Amerika ya Kusini pamoja na Bonpland, tabibu Mfaransa aliyejua sana mimea.

Mwaka 1800, huko Venezuela, aliliona ziwa la Valencia likipungua maji. Wenyeji walidhani maji yanatoroka kwa njia iliyo chini ya ardhi. Humboldt alichunguza, akaona kwamba miti ya milimani imekatwa na mito imegeuzwa kwenda mashambani.

Mwaka 1801 alivuka milima ya Quindío, nchini Kolombia. Huko kuna msitu wa ukungu: mawingu huufunika mara kwa mara, na majani hudondosha maji hata mvua isiponyesha. Siku zile wasafiri wenye fedha walibebwa migongoni mwa watu. Humboldt alikataa kumpanda binadamu mwenzake. Akaenda kwa miguu, na viatu vilipochanika akatembea pekupeku. Hapo aliona miti ya ajabu ya jamii ya mnazi, yenye nta shinani. Aina moja hufika mita 60, nayo imekuwa mti wa taifa la Kolombia tangu mwaka 1985, na sheria hukataza kuikata. Hata hivyo iko hatarini, maana mingi imebaki katika malisho, na ng'ombe hula miche yake.

Mwaka 1802 alipanda mlima Chimborazo, Ekuador, akakaribia kilele. Baadaye alichora mlima huo, akaandika kila mmea katika kimo chake. Hivyo alionyesha kwamba kila mti una ngazi yake ya baridi na unyevu.

Alifariki tarehe 6 Mei 1859, mwenye umri wa miaka 89, na urithi wake wote alikuwa ameutumia katika safari na vitabu. Lakini mchoro wake ungali unafanya kazi. Mwaka 2012 wataalamu walirudi Chimborazo, wakaona mimea imehamia juu zaidi, kwa kuwa dunia inazidi joto. Nami najiuliza: mti wa ukungu ukifika kileleni, utahamia wapi?

Ndugu wanafunzi, swali hili latuhusu. Misitu ya Uluguru na Usambara nayo hupata maji ya ukungu, na ina mimea isiyoota penginepo duniani. Mto Ruvu huanzia Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Humboldt aliandika kilichokuwapo, ndiyo maana leo twaweza kujua kilichobadilika. Naomba sisi wa somo la Biolojia tuanze kuandika majina ya miti ya milima yetu na vimo inapoota, kabla haijatoweka bila kuhesabiwa.